Jumatatu Kumi na Moja za Fundi Mwero

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba 2025, Fundi Mwero Chome anastaafu baada ya kufua visu katika karakana ya ushirika wetu hapa Bongwe kwa miaka thelathini na minne. Haondoki kwa uzee, maana ana miaka hamsini na minane tu na bado ananyanyua peke yake gunia la makaa ambalo vijana hulibeba wawili wawili huku wakilalamika. Anaondoka kwa sababu macho yake hayaoni tena sawasawa rangi ya chuma kikiwa motoni, na kwa sababu sisi wenzake tulimwambia hivyo. Wasifu huu nimepewa niuandike mimi Mbeyu, mtia mipini, ati kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Wenzangu hawanidanganyi. Wamenisukumia kwa kuwa hakuna aliyetaka kuandika sehemu ya mwisho.

Alifika hapa mwezi wa tano mwaka 1991 akitokea upande wa Kinango, akiwa na kisu alichokitengeneza mwenyewe kwa bati la pipa na kukionea fahari kubwa. Marehemu Mzee Abdurahman, aliyekuwa fundi mkuu, alikipokea, akakipinda kwa vidole viwili, akamrudishia, kisha akampa fagio. Mwero alifagia karakana kwa miezi minne kabla ya kuruhusiwa kushika koleo. Kisa hiki anakisimulia mwenyewe kila mgeni akija, na yeye ndiye anayecheka kuliko wote.

Kwa wasioijua kazi yetu, niseme kidogo. Visu tunavifua kwa springi kuukuu za malori, na watu hudhani ugumu uko kwenye nyundo. Uko kwenye moto. Chuma kikiiva hufika kwenye wekundu mmoja tu unaofaa, na hapo hapo hutakiwa kizamishwe kwenye mafuta. Kikipita wekundu huo, kisu kitang'aa na kupendeza, lakini ndani kimeharibika na siku moja kitakatika mkononi mwa mtu. Ndiyo maana kila Jumatatu asubuhi kisu kimoja katika kazi ya kila fundi hubanwa kwenye jiliwa na kuvunjwa mbele yetu sote. Ndani kukiwa laini kama unga uliochekechwa, kazi imepita. Kukiwa na punje kama za sukari, kazi ya wiki nzima hurudi motoni.

Na kabla ya kuvunja, fundi huwataja kwa sauti waliomfundisha. Kisu kikiwa kizuri, sifa ni zao, kikiwa kibaya, amewaaibisha mbele za watu. Ndivyo tunavyoshukuru sisi, hatuna njia nyingine.

Orodha ya Fundi Mwero ndiyo ndefu kuliko zote katika historia ya karakana hii. Huanza na Mzee Abdurahman, aliyemfundisha moto. Hufuata Sanga wa Vanga, mhunzi aliyebuni kisu chembamba cha kupasulia samaki ambacho Mwero alikiiga bila kuuliza. Dhamira ilimsuta, akapanda gari mpaka Vanga, njia yote ile mbovu, kwenda kukiri. Sanga alikitazama kile kisu cha wizi, akamwonyesha mahali alipokosea kuiga, akamlisha wali wa nazi na kumrudisha nyumbani. Anayefuata ni Mercy, mpishi wa hoteli moja Diani, aliyemwambia usoni kwamba mgongo wa visu vyake unawachubua wapishi vidole. Fundi alinuna wiki nzima, halafu akaanza kuipiga migongo tupa. Mimi pia nimo, kwa ajili ya mipini. Mara ya kwanza aliponitaja nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikadhani ananikejeli, nikamnunia hadi jioni. Orodha ikiisha, chai ya watu wote imepoa.

Visu vyake leo viko katika majiko ya hoteli za Diani na kwenye meza za wauza samaki wa Msambweni. Amefundisha mafundi tisa, wa mwisho wao Swabir, ambaye sasa ndiye mwenye mkono mzuri kuliko sote. Hasira za Fundi Mwero tunazijua. Aliwahi kusikia kwamba Mercy ameruhusu kisu chake kioshwe kwenye mashine ya vyombo, akapanda bodaboda mpaka Diani, akakichukua mbele ya wapishi wote na kukaa nacho wiki mbili. Alikirudisha kimenolewa, kikiwa na mpini mpya niliotia mimi, na bila kuomba msamaha.

Lakini kuna jambo moja ambalo halimchekeshi, na bila hilo huwezi kumwelewa. Mwaka 2002 Mzee Abdurahman alianza kukosea rangi. Mwero alikuwa wa kwanza kuona, naye alimpenda yule mzee kama baba. Akashindwa kumwambia. Kila Mzee alipokwenda msikitini kuswali adhuhuri, Mwero, ambaye ni Mkristo na hubaki karakanani saa hiyo, alivitoa visu vya mwalimu wake, akavipasha upya na kuvizamisha upya, akavirudisha mahali pake kabla swala haijaisha. Alifanya hivyo zaidi ya mwaka mmoja. Siku moja Mzee alisahau kofia yake, akarudi kuichukua, akavikuta visu vyake katika moto wa mwanafunzi wake.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu ni tangu lini, na alipoambiwa ni tangu Ramadhani ya mwaka uliotangulia, alikaa chini. Kisha akamwambia Mwero kwamba kwa mwaka mzima amemfanya asimame kila Jumatatu na kuwataja walimu wake, marehemu wote, juu ya kazi isiyokuwa yake. Aliacha kazi wiki iliyofuata. Alimsamehe Mwero kabla ya mwezi kwisha na aliendelea kuja kunywa kahawa nasi mpaka alipofariki mwaka 2011, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwero ndiye ambaye hakujisamehe. Alituweka chini sote na kutuahidisha kwamba siku macho yake yatakapoanza kumhini, tutamwambia, na tutamwambia pale pale kwenye jiliwa. Tuliahidi bila kusita. Ilikuwa rahisi wakati ule, kwani macho yake yalikuwa kama ya mwewe.

Mwezi wa pili mwaka huu kisu chake kilivunjika, ndani sukari. Alisema makaa yalikuwa mabaya, nasi tulikubali haraka mno. Wiki iliyofuata, sukari tena. Na hapa naandika kwa aibu. Fundi Mwero Jumapili yuko kanisani, na Jumapili moja nilimkuta Swabir karakanani peke yake, amevipanga visu vya mwalimu wake kando ya moto. Nilivuta kiti, nikamshikia koleo la pili. Wenzetu walijua na wakanyamaza. Tulikuwa tunarudia kosa lile lile, kwa mapenzi yale yale, juu ya mtu aliyetuomba jambo moja tu maishani mwake.

Jumatatu kumi na moja alisimama mbele yetu na kuwataja watu wake, na kisu kikavunjika laini kama unga, na uso wake ukafurahi. Alianza kusema kwamba kumbe kweli yalikuwa makaa. Jumatatu ya kumi na mbili alifika kwenye jina la Mzee Abdurahman, na mimi sikuweza tena. Nilimwambia aache kutaja. Nilimwambia kwamba kile si kisu chake, ni cha Swabir, na kwamba mimi nilishika koleo. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka, kwa woga.

Fundi Mwero aliuliza ni tangu lini, na nilipomjibu aliondoka kwenye jiliwa. Kisha akamwita Swabir asimame pale. Alimwambia kwamba kazi ni yake, basi na awataje waliomfundisha kama ipasavyo. Swabir alikuwa analia wazi wazi. Alimtaja mtu mmoja tu, Mwero Chome, akavunja. Mwalimu alikichukua kipande, akakipapasa kwa kidole gumba mahali kilipokatikia, maana hakuyaamini macho yake, na akasema kimepita.

Daktari wa macho amesema miwani itamsaidia kusoma, lakini haitamrudishia rangi za moto. Miezi sita hii amekuwa akinoa tu na kuwasahihisha wengine, na kutugombeza kwa furaha zaidi kuliko zamani. Kuanzia wiki ijayo anarudi Kinango kwa mkewe na mbuzi wake, ambao ameahidi kuwanoa kwato kama hawatajiheshimu.

Fundi Mwero, ulikuja kwangu jioni ya Jumatatu ile na kuniambia kwamba mimi nimefanya kile ambacho wewe ulishindwa kumfanyia Mzee. Ulinishukuru. Sikukujibu, kwa kuwa nilikuwa nimechelewa wiki kumi na moja, na shukrani ile haikuwa haki yangu. Leo nakujibu mbele ya watu, kama ulivyopenda mambo yasemwe. Tulikuficha kwa sababu tuliogopa kuja kazini siku ambayo hutakuwepo. Utuwie radhi. Asante kwa moto, kwa ukali, na kwa kututaja. Nenda salama, Mungu akupe siku ndefu na afya njema. Jumatatu inayokuja sisi sote kumi, mafundi wako tisa kwa visu vyao na mimi kwa mpini wangu, tutaianza orodha na wewe.