Rundo la Mawe Nyuma ya Ghala

MJOMBA: Haloo? Ni nani?

FUNDI: Mimi, mjomba. Mpwa wako.

MJOMBA: Ahaa, fundi mkuu! Habari za—

FUNDI: Mbaya. Mama yuko hapo?

MJOMBA: Yupo mbele yangu, anachambua maharage. Nikupe uongee na—

FUNDI: Usimpe! Asijue. Mjomba, niko ndani ya lile ghala kuukuu la shambani. Nimefungiwa.

MJOMBA: Nani kakufungia?

FUNDI: Ghala lenyewe! Boriti ya juu ya mlango imeshuka, mlango umebanwa, hausogei. Na ukuta wa nyuma umechanika kuanzia juu mpaka— [mkwaruzo] —vumbi linamwagika. Naogopa, mjomba.

MJOMBA: Tulia. Ukuta ule mnene, halafu kwa nje kuna lile rundo la mawe—

FUNDI: Nimelitoa.

MJOMBA: Umelitoa?

FUNDI: Nimezibia ukuta wa ua. Si nilikupigia? Ukasema mawe ya palepale yanatosha, nichukue.

MJOMBA: Ee Mungu wangu. Lile si rundo, baba. Ndilo lilikuwa linauegemeza ukuta usilale. Ningekuja mwenyewe, nisingekuongoza kwa simu kama—

FUNDI: Yaliyopita si ndwele! Nitokeje?

MJOMBA: Matundu ya hewa?

FUNDI: Mkono tu unapita.

MJOMBA: Ukuta wa kushoto, chini kabisa, kulikuwa na kidirisha cha kutolea makapi. Kilizibwa kwa matofali ya udongo, kikapigwa lipu. Gonga usikilize.

FUNDI: [kugonga] Hapa… hapa panalia tupu! Nipige nyundo?

MJOMBA: Polepole! Tumia patasi, ukitikisa—

FUNDI: Mawe yanaanguka, mjomba!

MJOMBA: Chimba! Chimba, mwanangu! …Hapana dada, si kitu. Tunaongea mambo ya lipu.

FUNDI: Kichwa kimepita… mabega… [kukohoa] Nimetoka! Niko nje!

MJOMBA: Afadhali! Nje wapi?

FUNDI: Uchochoroni, kati ya ghala na ukuta wa ua.

MJOMBA: Kimbia.

FUNDI: Lakini mjom—

MJOMBA: Vyote viwili vitakulalia! Kimbia!

FUNDI: [hatua, kishindo, mkwaruzo mrefu]

MJOMBA: Haloo? Haloo! Baba, ongea! …Mtandao tu, dada, mtandao. Haloo!

FUNDI: Mjomba.

MJOMBA: U mzima?

FUNDI: Niko barabarani, nimekaa chini. Ghala limelala lote, limeuvuta na ukuta wa ua.

MJOMBA: Acha lilale.

FUNDI: Mama je?

MJOMBA: Ameacha maharage. Ananitazama mdomo. Nimwambie nini?

FUNDI: Salio linaisha. Mwambie anibakizie chakula, naku—

MJOMBA: Haloo? …Dada, mwanao anasema umbakizie chakula. …Nani analia? Mimi?