Adelaïde Muhawenimana, Aliyepima Pumzi za Wachimbaji wa Rubaya

Ndugu mliokuja kulia nasi, mimi ni Sebarenzi, mdogo wake marehemu. Familia imeniomba nisome wasifu wake.

Dada yetu mkubwa Adelaïde alizaliwa Nyamitaba tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa kwanza wa Papa Édouard na Mama Vestine, wakulima wa maharagwe. Mama akiwa shambani, yeye ndiye aliyetubeba mgongoni.

Alisoma primaire, shule ya msingi, palepale, kisha shule ya wauguzi Goma, akapata diploma mwaka 2002. Huko aliona mchoro wa chombo cha madaktari wa zamani cha kupimia pumzi: kengele ya bati iliyoelea majini, mgonjwa akipuliza, inapanda. Likizo ilipofika akakijaribu jikoni kwa sufuria ya mama. Maji yakamwagika, yakazima moto, na maharagwe tukayala mabichi.

Tangu 2004 alihudumu kituo cha afya karibu na Rubaya. Alipewa spirometre, mashine ndogo ya mkononi ya kupima pumzi, akawapima wachimbaji wa madini ya koltani. Vijana wenye vifua vipana walipuliza kama wazee. Aliwashauri waache mashimo. Walimshukuru, wakarudi huko huko.

Tarehe 6 Agosti 2005 aliolewa na Papa Honoré, mchimbaji. Alimpima naye, akamsihi aache. Honoré akamwambia, "Nikiacha shimo, batoto batakula nini?"

Vita vilipofika mwaka 2024, kituo kiliporwa, spirometre ikaenda pamoja na dawa. Basi alijaza maji bidon nyeupe, dumu la plastiki, akaipindua ndani ya beseni na kuingiza mrija wa mpira. Mgonjwa akipuliza, pumzi ilisukuma maji chini, naye akasoma alama alizochora ubavuni. Aliendelea hivyo hadi kifua kikuu sugu kilipomshika mwenyewe. Barabara ilifungwa. Dawa tulizoomba Goma hazikufika.

Siku moja alimwomba binti yake Gentille amletee mpira apulize. Maji hayakushuka hata alama ya kwanza. Gentille akasema labda mpira umetoboka.

"Mupira iko muzima, mwanangu," akasema. "Ni mimi njo nimeisha."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Ameacha mama yetu Vestine, mumewe Honoré, sisi wadogo zake, na watoto watatu: Gentille, Naomie, na Fiston, ambaye tangu mwezi uliopita anashuka shimoni na baba yake.

Dada, Mungu akupumzishe kwa amani. Sisi huku hatujui tufanye nini.