Bi Tatu Safari na Alhamisi za Kojani

Ndugu waombolezaji, mengi tunayajua kuhusu Bi Tatu Safari Mabruki, ila moja limetushinda, na yeye mwenyewe ameondoka hajalijua: kwa nini mwanawe Moza, aliyekulia mlangoni mwa kliniki ya wajawazito, alimficha mama yake mimba ya kwanza, ile ambayo kwa desturi yetu humrudisha binti kwao akajifungulie kwa mama.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 hapa Tibirinzi, akasoma chuo cha Kurani, na skuli hadi darasa la nane, akaolewa mwaka 1959 na Bwana Soud Jaribu, fundi cherehani, wakajaaliwa watoto wawili, Moza na Hamad, na baada ya Mapinduzi, mwaka 1965, akaenda Unguja kusomea ukunga, akarudi 1967 kufanya kazi katika kliniki ya wajawazito hapa Chake Chake, ambako wanawake waliuogopa ulimi wake na kuipenda mikono yake.

Moza aliolewa kisiwani Kojani mwaka 1978. Tarehe 3 Juni 1980 alijifungua huko mtoto wa kike, damu ikakataa kusimama, akafia chomboni kabla ya kufika ng'ambo, na habari ya mimba na habari ya kifo zikamfikia mama yake pamoja. Bi Tatu hakumlaumu mkwewe, wala hakuruhusu alaumiwe mbele yake; alimchukua mtoto, akamwita Siti, akaomba kazini avuke Kojani kila Alhamisi kupima wajawazito. Siku ya kwanza alimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Wake hakumpima, atatupima sie?" Akageuka, akasema, "Ndiyo maana nimekuja, mwanangu. Panda kitandani." Yule mwanamke hakupanda siku ile. Alipanda baada ya miezi mitatu.

Alistaafu mwaka 2001, na Siti, naye sasa mkunga, akazirithi Alhamisi hizo, bibi yake akimuuliza kila arudipo nani hakuja, na kwa nini. Kiharusi kilimpata Januari mwaka huu wa 2009, akafariki jana, Jumatano tarehe 13 Mei, saa kumi jioni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wakunga wenzake, na majirani waliokuwa wakimgeuza kitandani kama mama yao.

Jana wazee walitaka kliniki ya leo iahirishwe, kwani msiba ni wa Siti. Mjomba wake, Hamad, akasema wapo watakaokuta mlango umefungwa wasirudi tena. Ikaamuliwa isifungwe. Asubuhi Siti alimuosha bibi yake, akamkafini, akambusu, akavuka.

Wanaomuulizia mjukuu, yuko Kojani. Pumzika kwa amani, Bi Tatu, leo anapima yeye.