Marehemu Bi Swali, Aliyetaka Kitu Kikae Kizima

Jumanne asubuhi alipiga pasi sare za binti yake za wiki nzima. Leo Ijumaa tunamzika, na bado haituingii akilini.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Juni 1971, kitinda mimba wa mama mshonaji. Alipoanza tu kusema, majirani walimwita Bi Swali. Familia ilipohama mwaka 1979, alikataa katakata kitanda kufunguliwa vipande. Kikakwama mlangoni, kikapitishwa dirishani, kioo kikavunjika. Akasema, "Lakini kimefika kizima."

Alimaliza sekondari mwaka 1989, akahitimu chuo kikuu mwaka 1995 katika kompyuta, wa kwanza katika ukoo. Mama yake, aliyeishia darasa la saba, alivaa viatu vipya siku hiyo. Vilimbana, hakuvivua.

Mwaka 1996 aliajiriwa na kampuni ya lifti, kutunza taarifa za kila lifti. Alipenda hifadhidata ya objekti: ghala linaloweka lifti nzima, mota na milango yake ikiwa imeshikana vilevile. Meza ya pili alikaa kijana aliyeamini seva ya programu, yaani kompyuta ya katikati inayopokea makarani wa matawi yote na kuwaungia taarifa kutoka kwenye majedwali.

"Kila siku unaunga lifti upya. Huchoki?" marehemu alimtania.

"Na makarani wote wakivamia ghala lako, si watakanyagana?"

Walioana tarehe 12 Aprili 2003, ubishi wakauhamishia mezani kwa mama yake marehemu. Siku moja akawauliza, "Si mmoja kabati, mwingine mhudumu? Mnagombania nini?" Wote wawili wakamgeukia kumweleza alivyokosea, mpaka chakula kikapoa. Ndiyo siku pekee walipokuwa upande mmoja.

Mwezi uliopita kampuni ilitaka uchaguliwe mfumo mmoja. Utani ukageuka ugomvi. Jumanne hii mumewe aliondoka kwenda tawi la mbali bila kuaga.

Ugonjwa hatuna wa kuandika. Siku hiyohiyo, tarehe 9 Septemba 2008, mshipa ulipasuka kichwani akiwa ofisini, akafariki kabla ya kufika hospitali. Tangu hapo mkwe wetu anarudia neno moja: "Tuliachana tumenuniana, mama."

Basi na asikie mbele ya watu wote. Mchana ule, kabla hajaanguka, marehemu alimpigia mama yake simu.

"Mama, nimejaribu ghala langu na makarani wote kwa pamoja, limelemewa. Seva yake haikutetereka. Lifti zitakaa ghalani kwangu, ila mlangoni akae yeye."

"Umemwambia?"

"Bado. Akirudi jioni nimwambie ana kwa ana, nimwone anavyotamba. Wewe nyamaza kwanza."

Alikuwa anacheka.

Ameacha mama, kaka wawili, binti mmoja, na mume ambaye hakununiwa.

Mungu ampe pumziko jema.