Wilfred Pinnock na Jiko la Bi Tiemann

Marehemu Wilfred Aldous Pinnock alizaliwa Ludlow tarehe 3 Machi 1904, mwana wa pili wa fundi wa matandiko ya farasi. Alisoma sekondari kwa ufadhili, akamaliza mwaka 1921.

Aliajiriwa na halmashauri kuwa mkaguzi wa nyumba, na mfukoni hakukosa gololi ya kupimia sakafu. Alipofunga ndoa na Muriel Hatherley, tarehe 11 Juni 1932, aliiachia gololi hiyo katika chumba cha fungate, ikabingirika hadi ukutani. "Sakafu imepinda, mke wangu," alisema, "ila mimi nimepata aliyenyooka." Walijaliwa binti mmoja, Rosalind.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilimpeleka Ujerumani iliyoshindwa vita, akiwa afisa wa kiraia wa makazi karibu na Hildesheim. Kwa jitihada zake familia mia nne za wakimbizi zilipata paa. Mwezi Agosti mkewe na binti walimfuata, wakapewa nyumba iliyotwaliwa kwa Bi Hedwig Tiemann, Mjerumani. Kwa kanuni, mwenye nyumba alitoka na nguo na matandiko tu. Vingine vyote viliandikwa kwenye orodha, visitoke. Bi Tiemann alihamia banda la kiwanda cha matofali pamoja na baba yake mzee.

Januari 1947, katika baridi ambayo wengi hatutaisahau, Bi Tiemann alikuja kuomba jiko dogo la kuotea moto, lililokaa darini bila kuwashwa. Marehemu alikuwa kazini. Mkewe ndiye aliyejibu, mlangoni.

"Limo kwenye orodha, Bibi. Nikikupa wewe leo, kesho watakuja wa meza na vitanda."

"Baba anatetemeka, Bibi."

Mlango ulifungwa.

Wiki tatu baadaye mzee alifariki. Marehemu alipopata habari alilisukuma jiko kwa mkokoteni hadi bandani, akamwambia Bi Tiemann kwamba katazo lile lilikuwa amri yake yeye mwenyewe. Ndivyo ilivyosimuliwa kule, na baadaye hata hapa Ludlow: Pinnock, mtu wa orodha. Mkewe aliyasikia kwa miaka ishirini na minne, akanyamaza, eti analinda jina la familia.

Marehemu aliugua mapafu Oktoba iliyopita. Hospitalini mkewe alimwambia kwamba atausema ukweli.

"Acha, Muriel. Mimi nimezoea. Wewe hujawahi kununiwa hata na muuza maziwa."

Alifariki tarehe 9 Februari 1971.

Ameacha mjane, binti na wajukuu wawili. Bi Tiemann ameandikiwa barua. Wilfred, pumzika kwa amani. Lile katazo lilikuwa langu.