Mzee Zablon Owino na Kijivu Kilichotusumbua Miezi Saba

Jumatatu tarehe 30 Juni 1958, Mzee Zablon Owino, mkuu wa chumba cha rangi katika gereji yetu hapa Nakuru, anastaafu baada ya kutumika miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Mimi ninayeandika ni Micah Kimaiyo, karani wa stoo. Nimeombwa niandike maneno ya furaha, na nitajaribu. Ila mtu aliyewahi kutafuta rangi ya gari kuukuu pamoja na Mzee Zablon hawezi kuandika habari zake bila kuguna.

Alizaliwa Ugenya na kusoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Alikuja Nakuru kwa mjomba wake aliyekuwa akifanya kazi reli, na mwezi Februari 1927 akaandikwa hapa kuosha magari. Baada ya miaka miwili fundi rangi wa wakati ule alimwona akipiga msasa boneti bila kuambiwa, akamwita ndani. Hakutoka tena. Amepaka magari ya wakulima wa Njoro, malori ya ngano, gari la kubebea wagonjwa, na jeneza moja la mtu mnene ambalo halikupata rangi kwingine.

Wote tunajua hasira zake. Januari na Februari, upepo unapopeperusha vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani, Mzee Zablon humwagia sakafu maji, huziba nyufa kwa magazeti, kisha hufunga mlango. Ole wake atakayeufungua. Mwaka 1951 aliufungua meneja wetu wa wakati ule, Bwana Hollis, akitaka kuuliza saa. Mzee alimgeukia na bomba la kupulizia rangi mkononi, akamwambia, "Bwana, saa iko ukutani ofisini. Huku kuna vumbi tu, na sasa limeingia." Ilibidi mlango wa gari lile upigwe msasa upya. Bwana Hollis alinunua saa ya mkononi.

Pia hapendi kabisa kuambiwa, "Ni nyeupe tu, fundi, paka nyeupe yoyote." Mteja akisema hivyo, Mzee humwonyesha shati lake, kisha karatasi, kisha ukuta, na kumuuliza ni nyeupe ipi anayoitaka kati ya hizo. Wateja wengine wamehamia gereji za jirani kwa sababu hiyo, na mimi siwalaumu.

Lakini habari ninayotaka ijulikane kabla hajaondoka ni ya mwaka 1954, ya gari la Shariff Dualeh.

Shariff ni mwenye teksi, anakaa Bondeni na mkewe Kuluthum na watoto wao. Gari lake ni la Kiingereza, la milango minne, lililotengenezwa mwaka 1937. Jina la kampuni silitaji, wasije wakaniandikia barua tena. Alilinunua kwa mkulima mmoja wa Njoro. Januari ile trela la ngano lililigonga ubavuni, milango miwili ya kushoto ikabonyea. Akatuletea. Gari lilikuwa la kijivu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mzee Zablon alitaka namba ya rangi ya kiwandani, ile inayoandikwa kwenye kibati cha gari ili fundi ajue rangi halisi. Kibati cha chini ya boneti kilikuwa kimeliwa na kutu. Bwana Hollis akasema tusipoteze wakati, tupake kijivu kilichokuwamo stoo. Mzee alikataa mara mbili, ya tatu akaamriwa. Ikiwa mbichi, rangi ilifanana. Ilipokauka, milango ile miwili ilikuwa ya buluu kama sare za shule.

Kwa wakati mwingine tungecheka. Lakini zile zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na barabara ya Naivasha ilikuwa na vizuizi. Wiki ya pili Shariff alisimamishwa akiwa na abiria wanne. Askari alisoma kitabu cha gari, kilichoandikwa rangi ya kijivu, akazunguka, akasoma tena.

"Kitabu kinasema gari moja," alimwambia. "Mimi naona magari mawili."

Walimweka pale tangu asubuhi hadi jioni, na abiria wake juani pamoja naye. Alipoachiliwa aliambiwa kwamba akirudi na gari lile likiwa hivyo, litazuiliwa lisirudi. Kesho yake alilileta kwetu, akaliegesha nyuma ya stoo, akanikabidhi funguo.

"Karani," aliniambia, "mimi sijui kubishana na askari. Nirudishieni gari la kijivu."

Kuanzia siku ile mwenye teksi alikuwa akibeba makreti ya mboga sokoni, na kila Ijumaa baada ya swala alipitia gerejini kuuliza. Hakupiga kelele hata siku moja. Afadhali angepiga.

Kupaka gari zima upya Shariff hakuwa na fedha, na Bwana Hollis hakutaka kulipia, kwa hiyo ilibidi tutafute namba, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Niliwaandikia mawakala wa Nairobi kuomba rangi ya kijivu ya gari la mwaka 1937. Wakajibu: tupe namba. Nikaandika kwamba namba ndiyo ninayoomba. Wakajibu kwamba bila namba hawawezi kutafuta namba. Nikaomba basi majina. Wakaleta orodha ya vijivu saba: cha Moshi, cha Njiwa, cha Chuma, na vingine vya aina hiyo. Tuliagiza cha Moshi. Kilipokauka kilikuwa kahawia. Tuliagiza cha Njiwa. Mzee Zablon alikipaka kwenye kipande cha bati, akakitoa nje, akakiangalia, akakirudisha ndani, kisha nikasikia bati likigonga ukuta.

Mwezi wa Mei niliandika Uingereza kwenyewe. Barua ilikwenda kwa meli na jibu likaja kwa meli, Agosti. Lilikuwa la mistari miwili: namba iko kwenye kibati kidogo chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Nilikimbia nalo uwanjani kama mtu aliyepata mtoto. Tukang'oa kiti. Chini yake palikuwa na sakafu nyeusi tupu, imepakwa rangi nzito ya kuzuia kutu. Hakuna kibati. Nikawaandikia tena mawakala wa Nairobi. Mawakala wakajibu kwamba kila gari lina kibati, na kwamba labda karani wetu hakuangalia vizuri.

Barua hiyo aliifungua Bwana Hollis. Aliniita ofisini mwisho wa Septemba, mlango ukiwa wazi, mafundi wote wakisikia.

"Karani, hii motokaa nakaa hapa mwezi saba. Nani napoteza namba?"

"Hakuna aliyeipoteza, bwana. Kibati hakipo."

"Kila motokaa iko na kibati. Wewe hapana angalia. Siku ya malipo wewe nakwenda."

Siku ya malipo ilikuwa kesho. Mke wangu Jepchumba alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo, nami sikuwa nimempa hata jina la mtoto la kupeleka kanisani. Nilirudi stoo nikaketi juu ya kreti. Sikujua nianze kufunga nini.

Saa ya chakula, wengine walipokwenda kula, Mzee Zablon alikwenda kwenye gari la Shariff. Nilimwona dirishani akiinama ndani, miguu nje, akipapasa sakafu ile nyeusi kwa vidole kama anayetafuta sindano. Kisha akatulia. Akatoa kisu cha kukwangulia, akakwangua polepole sana. Nilipofika alikuwa amefunua vichwa viwili vya ribiti za kushikilia bati, na katikati yake kibati kisichozidi kiberiti. Rangi nyeusi ilikuwa imekifunika chote. Kilisomeka: K 417.

Niliruka. Yeye hakuruka. Alikuwa akiiangalia ile rangi nyeusi iliyoganda kwenye kisu.

"Kimaiyo," alisema, "hii ni kazi yangu."

Sikumwelewa.

"Mwaka arobaini na moja. Mwenye gari wa kwanza alivuka mto Njoro umejaa, maji yakaingia ndani. Nikaambiwa nipake sakafu isile kutu. Ilikuwa Jumamosi na nilitaka kwenda nyumbani. Nilipaka kila kitu. Gari nilikuwa nimelisahau, lakini mkono wangu naujua. Tazama ukingo huu. Hakuna mwingine hapa anayemaliza ukingo hivi."

Nilimwambia anyamaze. Namba imepatikana, nikasema, tumpelekee bwana na yaishe. Nani angejua? Mzee alifuta kisu kwa kitambaa, akaniangalia kama anavyowaangalia wale wa nyeupe tu.

"Na kesho wewe unafukuzwa kwa kosa la kutoangalia," alisema. "Ulitazama. Kilikuwa kimefichwa, na mimi ndiye niliyekificha."

Alikwenda ofisini akiwa bado na ovaroli yake. Nilibaki mlangoni. Alieleza mwaka, siku, na sababu, hata ile ya kutaka kwenda nyumbani mapema. Bwana Hollis alisema karani abaki. Na Mzee Zablon, aliyekuwa mkuu wa chumba cha rangi kwa miaka kumi na miwili, akavuliwa ukuu huo papo hapo. Nafasi hiyo alipewa Kipkemei, fundi kijana ambaye Mzee mwenyewe alimfundisha kushika bomba.

Rangi ya K 417 ilifika baada ya siku tisa. Ilikuwa yenyewe. Tulipoipaka kwenye milango, ikang'aa kama kijivu kipya cha kiwandani, na gari lililobaki, lililopigwa na jua miaka kumi na saba, likaonekana limefifia kama chokaa. Magari mawili tena! Nilitaka kulia. Shariff, aliyekuwa amekuja na kitabu chake cha gari mfukoni, aliketi chini palepale.

Mzee Zablon alifungua buti, akamwonyesha sehemu ya ndani ambayo haijawahi kuona jua. Rangi ilikuwa ileile ya milango. "Haijafa," alimwambia. "Imelala chini ya uchafu." Akachukua dawa ya kusugulia na kitambaa, akaanza kulisugua gari kwa mkono, shubiri kwa shubiri, kazi ya siku nne. Kipkemei alisugua upande wa pili, ingawa ndiye aliyekuwa mkubwa. Siku ya nne jioni tulilisukuma nje, na hakuna aliyeweza kuonyesha ni milango ipi iliyogongwa.

Jumapili Shariff alitupakia mimi na Mzee hadi Naivasha. Kizuizini tulimkuta askari yuleyule. Alisoma kitabu, akazunguka gari, akamrudishia. Mzee Zablon akatoa kichwa dirishani.

"Zunguka tena," alimwambia. "Upande wa kushoto hukuangalia vizuri."

Shariff alitia gia upesi tukaondoka.

Mzee alifanya kazi chini ya Kipkemei miezi kumi na minne, akimwita mkubwa mbele ya wateja, bila kuchelewa hata siku moja, mpaka meneja mpya alipomrudishia nafasi yake. Katika miezi hiyo ndipo alipoanza kukata vipande vya bati, kupaka kila rangi inayopita mikononi mwake, na kuandika nyuma namba yake na mahali kibati kinapokaa. Leo vipo mia mbili na kumi na viwili, vimening'inia kwenye waya, na mafundi wanakuja kutoka Naivasha na Eldoret kuvitazama. Wakivigusa kwa mikono michafu huwafukuza.

Mzee Zablon, kwa niaba ya meneja, mafundi na wateja wote, hata wale uliowafukuza, tunasema asante. Kwa niaba yangu, na ya Jepchumba, na ya mtoto wetu ambaye mwakani anatimiza miaka mitano, ninasema asante ambayo kwa miaka minne uliniziba mdomo kila nilipotaka kuitoa. Sasa iko kwenye karatasi na huwezi kuikwangua. Nenda Ugenya salama na Mama. Ulale mpaka jua lipande, mvua zikunyeshee kwa wakati wake, na jirani akikuambia ng'ombe wake ni mwekundu tu, jaribu, tafadhali, kumkubalia.