Mhunzi Aliyeifundisha Nyundo Kusema Kidogo

Ndugu waombolezaji, tumesimama mbele ya jeneza hili tukiwa tumechoka, kwa kuwa ugonjwa wa baba yetu ulikuwa mrefu, na kwa niaba ya familia nitausoma mwendo wake kama ulivyokuwa, maana Bwana ajuaye kwamba sisi tu mavumbi hahitaji tumpambe mtu.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa mfua majembe na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, na Januari 1968 akaingia karakana ya reli kujifunza uhunzi, akifua kwa mkono hadi 1981, ilipoletwa nyundo ya hewa, ambayo mhunzi huiamrisha kwa mguu, akikanyaga kanyagio huku mikono ikishika koleo. Alifunga ndoa tarehe 12 Juni 1976, Mungu akawajalia watoto wanne, na wa tatu akatutangulia akiwa na miezi saba.

Tarehe 9 Februari 1988, saa nne asubuhi, mdogo wake wa tumbo moja, msaidizi wake karakanani, alikuwa amemshikia patasi juu ya chuma chekundu, marehemu akakanyaga akikusudia pigo la kugusa tu, nyundo ikashuka kwa nguvu zake zote, patasi ikageuka na kuuvuta mkono, na vidole viwili vya mdogo wake vikaishia pale. Mdogo wake alipotoka hospitali alihamia stoo ya vifaa, wakawa wakisalimiana kila asubuhi kama wapangaji, msamaha haukuombwa wala kutolewa, na hilo hatutalifunika leo, kwani mwenye neno na ndugu yake ameamriwa aiache sadaka madhabahuni akapatane naye kwanza, lakini baba yetu aliona aibu, akakiendea chuma badala ya kumwendea ndugu.

Kwanza aliulaumu mguu wake. Kwa miaka mitatu alibadilisha viatu, akapigilia mpira wa tairi juu ya kanyagio, akaweka springi ngumu ili lisishuke ovyo, kumbe springi ngumu humlazimisha mtu akandamize kwa uzito wote, na nyundo ikazidi ukali. Wenzake wakambandika jina la Polepole, wakamuuliza kama anafua chuma au anabembeleza mtoto. Ndipo siku moja, akiwa amelala chali ubavuni mwa mashine akiitazama vali, kile kilango cha kupitishia hewa, huku mwenzake akikanyaga, alipoona kwamba kanyagio likishuka upana wa kidole kimoja, njia yote ya hewa imekwisha kufunguka, hata mguu wa malaika usingepata pigo dogo. Alizoea kusema kwamba Maandiko yametuagiza ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo, lakini walioagizwa ni watu, nyundo sharti ijue pia kusema kidogo. Akarefusha wenzo unaounganisha kanyagio na vali, akachonga tundu la vali liwe jembamba mwanzoni na pana mwishoni, akaweka springi laini, akakosea, akarudia, miaka ikapita.

Tarehe 23 Agosti 1999, siku ya kuijaribu, mdogo wake alitoka stoo bila kuitwa, akashika patasi kwa mkono uleule uliobaki na vidole vitatu, akaiweka juu ya chuma, akasema, "Kanyaga, kaka."

Nyundo ikaigusa patasi kama mgeni anayebisha hodi, na marehemu akatoka nje, akakaa juu ya vyuma chakavu hadi kengele ya kutoka kazini.

Alistaafu mwaka 2011. Moyo ulianza kumsumbua 2019, miguu ikavimba, akalazwa mara sita, na mama yetu akamwosha kwa mikono iliyokwisha kulegea. Adhuhuri ya tarehe 30 Oktoba 2024, wodini, baada ya miaka thelathini na sita, alimwomba mdogo wake msamaha kwa kinywa chake.

Mdogo wake akamjibu, "Mbona nilishakujibu, kaka? Si nilikushikia patasi?"

Marehemu alifariki tarehe 1 Novemba, saa mbili asubuhi, mdogo wake akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ukaidi wake, majirani waliotuchotea maji, na wahunzi wenzake waliolifulia jeneza hili mishikio. Nanyi mlioketi hapa mkiwa na neno na ndugu zenu, jua lisiwachwee nalo.

Baba, umefanya kazi ya kutosha, pumzika sasa kwa amani.